Kutoka Kundi la WhatsApp hadi Tiketi: Namna ya Kulipa Kila Ombi la Kituo cha Afya Namba, Mwenyewe na Mwisho

Tuanze na mazungumzo ya kundi la WhatsApp la wafanyakazi wa kituo cha afya. Tumeyatunga kwa ajili ya somo hili na hayahusu kituo chochote mahsusi, lakini yeyote aliyewahi kufanya kazi kisiwani Pemba, tangu Micheweni hadi Mkoani, hatayaona mageni.

Jumatatu, saa 2:14 asubuhi, muuguzi wa chanjo anaandika: “Asalaam alaykum wanakundi, mumeamkaje? Jamani friji la chanjo naona kama halipoi.” Anajibiwa: “Waalaykum salaam, pole dada.” Mwingine anaongeza: “Hata juzi lilikuwa hivyo hivyo, umeme ulikatika usiku.” Wa tatu anatuliza: “Fundi yumo humu kundini, ataona inshallah.” Saa 3 kasoro dakika chache inaingia taarifa ya msiba wa baba wa mfanyakazi mwenzao, na kwa muda wa saa mbili kundi linajaa rambirambi, kama inavyostahiki. Saa 5:40 mkunga anauliza: “Na ile taa ya chumba cha kujifungulia je? Tulisema tangu wiki iliyopita.” Saa 6:05 fundi anaweka alama ya dole gumba. Jumatano asubuhi kinamama wamekaa kwenye benchi na watoto wao, na muuguzi yuleyule anaandika: “Lile friji vipi?”

Dole gumba lile lilikuwa la nini? La friji, la taa, au la dua ya marehemu? Fundi mwenyewe huenda alikusudia taa. Muuguzi alidhani ni friji, akatulia. Watu 41 waliusoma ujumbe wa kwanza, na kila mmoja alikuwa na sababu njema ya kuamini kwamba mwengine anaushughulikia. Hapakuwa na mvivu wala mzembe katika kundi hilo. Palikosekana kitu kimoja tu, nacho ndicho maudhui ya makala haya: ujumbe ule haukugeuzwa kuwa tiketi.

Neno tiketi kwa msomaji wa Pemba huleta kwanza picha ya boti ya kwenda Unguja: kipande cha karatasi chenye jina, tarehe na namba, ambacho bila ya hicho hupandi. Katika kazi za dawati la msaada maana yake haiko mbali na hiyo. Tiketi ni kumbukumbu ya ombi moja au hitilafu moja, yenye namba yake, saa iliyofunguliwa, jina la aliyeripoti, jina la anayeshughulikia, hali iliyofikia, na siku iliyofungwa. Jambo hili halikuzaliwa na kompyuta. Makampuni ya simu ya karne ya 20 yalikuwa na desturi ya kuandika kila lalamiko la laini mbovu katika kadi yake. Kadi ikapita kutoka kwa mpokea simu hadi kwa fundi, na ikabaki miongoni mwa kazi ambazo hazijesha mpaka laini itengenezwe. Programu za leo za dawati la msaada zimeirithi kadi ile na kuipa kasi.

Tofauti ya mazungumzo na tiketi, basi, si tofauti ya karatasi na simu. Mazungumzo hutiririka, kila ujumbe mpya huusukuma wa zamani juu, hadi usipoonekana tena. Tiketi hukaa pale pale ilipo mpaka mtu aifunge. Mazungumzo humhusu kila aliyemo. Tiketi ina mwenyewe mmoja. Aidha, mazungumzo hayana mwisho unaojulikana, hivyo hakuna awezaye kuuliza mwisho wa mwezi ni maombi mangapi yaliyotimizwa na mangapi yaliyopotea njiani.

Kuna watakaosema kwamba utaratibu huu ni wa makampuni makubwa ya nchi za mbali. Kumbe Zanzibar imekuwa na mfano wake wa kuigwa kwa zaidi ya miaka 10, na mfano huo hauhusu kompyuta mbovu bali homa.

Kufikia mwaka 2008 maambukizi ya malaria Visiwani yalikuwa yameshuka mno, hata kufikia chini ya asilimia 1 ya watu. Mwaka huo huo ulianzishwa mfumo wa kutambua mapema milipuko ya malaria, unaojulikana kwa kifupi chake cha MEEDS. Vituo vya mwanzo vilikuwa 10, navyo vilituma kwa simu ya mkononi hesabu ya kila wiki: wagonjwa wangapi wamefika, wangapi wamepimwa, wangapi wamekutwa na vimelea. Ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo hesabu ya wiki ni hesabu tu. Humwambia mkuu wa wilaya kwamba wagonjwa wameongezeka kutoka wawili hadi watano. Haimwambii mgonjwa wa tatu anakaa shehia gani, wala kama mdogo wake anayelala naye kitanda kimoja amepimwa.

Mwaka 2012 ukaongezwa utaratibu wa kutoa taarifa ya kila mgonjwa peke yake, pamoja na programu iitwayo Coconut, iliyoandaliwa kwa ushirikiano na shirika la RTI International. Mhudumu wa kituo anapomkuta mgonjwa na malaria hutuma taarifa fupi kwa simu yake ya kawaida. Taarifa hiyo haiishii kuwa ujumbe: mfumo huifungulia kesi yenye namba yake, na ofisa wa ufuatiliaji wa malaria wa wilaya huarifiwa. Ofisa huyo huenda kituoni kuhakiki, kisha hufunga safari hadi nyumbani kwa mgonjwa, akawapima wanakaya wengine kwa kipimo cha haraka, akahakikisha waliokutwa na vimelea wanapata dawa, akauliza habari za vyandarua na za safari za karibuni, kwa kuwa wagonjwa wengi Visiwani huwa wametoka safari ya Tanzania Bara. Majibu huyaingiza katika kompyuta kibao, ambayo hufanya kazi hata pasipo mtandao na kupeleka data baadaye. Kesi hubaki wazi mpaka hatua hizo zipitiwe.

Msomaji ataona kwamba hii ni tiketi kwa kila hali, ijapokuwa haiitwi hivyo. Kilichofanya kazi hapo ni mambo machache yasiyohitaji fedha nyingi. La kwanza ni kwamba anayeripoti haombwi insha. Hutuma maneno machache kwa chombo alichonacho mkononi, na kazi ya kuyapanga huachiwa upande wa pili. La pili ni kwamba mwenyewe wa kesi hujulikana kabla ya kesi kutokea: wilaya ina ofisa wake, na hakuna haja ya kuuliza kundini nani atakwenda. La tatu, na kwangu hili ndilo kubwa kuliko yote, ni kwamba hata kushindwa kwa mfumo huonekana. Si kila kaya hufikiwa, na si kila kaya hufikiwa kwa wakati. Lakini kwa sababu kila mgonjwa ana namba, watafiti wameweza kuhesabu wangapi walifikiwa nyumbani na wangapi waliachwa njiani, na katika hatua gani. Kundi la WhatsApp haliwezi kutoa hesabu hiyo hata likikesha.

Sasa turudi kwenye friji letu, ambalo katika maandishi rasmi tutaliita jokofu, na tujifunze namna ya kuyageuza mazungumzo yale.

Kwanza lazima awepo mtu wa kugeuza. Kosa ambalo taasisi nyingi hulifanya ni kutoa waraka usemao kwamba kuanzia leo ni marufuku kuripoti tatizo katika kundi, na kila mtu ajaze fomu. Waraka huo hudumu wiki mbili. Watu hurejea kundini kwa sababu kundini ndiko waliko wenzao, na kwa sababu desturi yetu haimruhusu mtu kuanza na shida kabla ya salamu. Fomu haijibu “waalaykum salaam”. Njia iliyo nyepesi ni kuliacha kundi liendelee kuwa baraza, kisha kumteua kwa kila zamu mtu mmoja, ambaye hapa tutamwita mpokea maombi, awe anasoma na kuchota. Anaweza kuwa karani wa mapokezi, au muuguzi msimamizi wa zamu. Kazi yake si kutengeneza chochote. Yeye huona ombi, hulifungulia tiketi, hulikabidhi kwa mwenyewe, na hurudi kundini kujibu: “Nimepokea. Namba 37. Iko kwa fundi wa wilaya. Nitaleta jibu kabla ya saa 5.” Jibu hilo la mwisho si adabu tu. Bila ya hilo, aliyeripoti atarudia kuuliza mara tatu, na mara ya nne atanyamaza asiripoti tena tatizo jengine.

Pili, mpokea maombi ayakamilishe maneno. “Naona kama halipoi” ni maneno ya mtu mwenye wasiwasi wa haki, lakini hayamwezeshi fundi wala mratibu wa chanjo kuamua lolote. Maswali ya kuuliza papo hapo ni haya: kipimajoto kinasoma nyuzi ngapi? Ulisoma saa ngapi? Mara ya mwisho kusoma kabla ya hapo ilikuwa lini, na kilisoma ngapi? Umeme umerudi? Chanjo zimo ndani hadi sasa? Baada ya maswali hayo tiketi inaweza kusomeka hivi:

“Namba 37. Jumatatu, saa 2:20 asubuhi. Chanjo zilizomo katika jokofu la kliniki ya mama na mtoto. Kipimajoto kimesoma nyuzi 11 saa 2:10 leo. Jana saa 9 alasiri kilisoma nyuzi 5. Umeme ulikatika usiku na umerudi. Chanjo zimo ndani, mlango haujafunguliwa tangu saa 2:10. Ameripoti: muuguzi wa chanjo. Anashughulikia: mratibu wa chanjo wa wilaya. Haraka: ya kwanza.

Namba 38. Jumatatu, saa 2:22 asubuhi. Jokofu la kliniki ya mama na mtoto halishuki joto baada ya umeme kurudi. Ni mara ya pili katika wiki. Ameripoti: muuguzi wa chanjo. Anashughulikia: fundi wa vifaa tiba wa wilaya. Haraka: ya pili. Inahusiana na namba 37.”

Kwa nini tiketi mbili kwa friji moja? Kwa sababu kulikuwa na mambo mawili ndani ya ujumbe mmoja, kila moja na mwenyewe wake na saa yake. Jokofu linaweza kungoja fundi hadi kesho. Chanjo haziwezi. Chanjo za watoto huhifadhiwa kati ya nyuzi joto 2 na 8, na kila moja ina udhaifu wake: ya matone ya polio huharibiwa upesi na joto, ilhali ile ya kuchanganya magonjwa matano, yenye kinga ya homa ya ini aina B ndani yake, huharibiwa na kuganda. Ndiyo maana anayezihamisha haraka asizitie ovyo katika kasha lenye barafu ngumu. Vipande vya barafu huachwa kwanza vianze kuyeyuka. Na ndiyo maana mratibu wa chanjo anahitaji kujua joto lilizidi kwa muda gani. Kichupa chenye kiashiria cha joto kitamsaidia: mraba wa ndani ukiwa bado mweupe kuliko duara linaouzunguka, chanjo haijafikia kikomo cha joto, ukiwa umelingana na duara kwa rangi au kuzidi kuwa mweusi, chanjo hiyo haitumiki. Lakini kiashiria hicho husema habari za joto tu, hakisemi habari za kuganda. Saa na nyuzi zilizoandikwa Jumatatu asubuhi ndizo zitakazomwezesha muuguzi, Jumatano, kumtazama mama usoni na kujua kwamba anachomchoma mwanawe kina nguvu. Bila ya maandishi hayo ana njia mbili tu mbele yake: kutumia chanjo asiyoiamini, au kutupa chanjo ambayo pengine ilikuwa nzima na kuwarudisha kinamama majumbani. Mama aliyetembea kutoka shehia ya mbali akaambiwa arudi wiki ijayo si lazima arudi.

Taa ya chumba cha kujifungulia itapata tiketi yake ya tatu, namba 39, na hapo mpokea maombi atagundua jambo la kusikitisha: “tulisema tangu wiki iliyopita”. Kusemwa kulikuwepo. Atafungua tiketi kwa tarehe ya leo, lakini ataandika ndani yake kwamba ombi lilitolewa kwa mdomo wiki iliyopita, ili hesabu isije ikadanganya kwamba taa ilitengenezwa kwa siku moja. Na watu watano wakiripoti taa ileile, tiketi hubaki moja, majina matano yakaongezwa ndani yake.

Daraja za haraka zinahitaji neno zaidi, kwa sababu hapa ndipo mambo ya kibinadamu huingia. Katika kundi, ujumbe hupata nguvu kwa cheo cha aliyeuandika. Mkuu akisema kipooza hewa cha ofisi yake hakifanyi kazi, madole gumba hujaa kwa dakika moja. Mfanyakazi wa usafi akisema bomba la chumba cha kujifungulia linavuja na sakafu ina utelezi, kimya. Tiketi iandikwe kwa kipimo kingine: nani ataumia, na baada ya muda gani, ikiwa jambo hili halikufanyika? Tunapendekeza daraja tatu tu. Ya kwanza ni kwa lile linaloweza kumdhuru mgonjwa au kuharibu dawa na chanjo leo hii; ya pili kwa linalozuia huduma lakini lina njia mbadala; ya tatu kwa mengineyo yote. Vituo vilivyojiwekea daraja sita au saba hujikuta vinajadili daraja badala ya kutengeneza bomba.

Lakini lipo jambo lililo juu ya daraja ya kwanza, nalo halifai kuwa tiketi kabisa. Mama anayetoka damu baada ya kujifungua, mtoto anayepumua kwa shida na mashine ya oksijeni imezima, moto, mtu aliyeanguka: hapo hupigwa simu, au huitwa kwa sauti, na watu hukimbia. Tiketi itaandikwa baadaye, watu wakishatulia, ili kisa kisisahauliwe na chanzo chake kitafutwe. Mfanyakazi mpya afundishwe tofauti hii siku yake ya kwanza kazini.

Tunakuja kwenye jambo linalomgusa mgonjwa moja kwa moja, yaani siri yake. Makundi ya wafanyakazi yana tabia ya kupokea picha: ukurasa wa faili, filamu ya eksirei yenye jina pembeni, karatasi ya majibu ya maabara, na swali “hili mnalionaje wakuu?”. Nia ni njema, na mara nyengine jibu la daktari bingwa aliye Unguja huokoa maisha. Lakini picha ile sasa imo katika simu 41, miongoni mwake simu ya aliyehamishwa kituo mwaka juzi na hajaondolewa kundini, na simu ambayo jioni huchezewa na watoto. Pemba ni kisiwa cha watu wanaojuana. Jina la kwanza, la baba na la shehia yatosha kabisa kumtambulisha mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, ya mwaka 2022, inaziweka taarifa za afya katika daraja la taarifa nyeti. Sheria hiyo kwa upande wa Zanzibar haigusi mambo yasiyo ya Muungano, na afya ni mojawapo. Hata hivyo wajibu wa kutunza siri ya mgonjwa ni mkongwe kuliko sheria yoyote ya data, nao haukomei bandarini.

Kwa hiyo mpokea maombi anapogeuza mazungumzo kuwa tiketi hanakili kila kilichoandikwa. Tiketi ya mashine ya kupimia damu iliyokwama haihitaji jina la mgonjwa aliyekuwa anapimwa wakati huo. Inahitaji namba ya mashine, ujumbe wa hitilafu uliojitokeza, na sampuli ngapi zinangoja. Pale ambapo mgonjwa ndiye kiini cha ombi, kwa mfano majibu yake hayajapatikana, namba ya faili au ya sampuli itumike badala ya jina, na tiketi ionekane na wanaohusika tu. Picha iliyokwisha kutumwa ifutwe kundini, kwa kujua kwamba kufuta hakuirudishi kutoka simu ambayo imeshaihifadhi.

Hali ya “inasubiri” ndiyo itakayokuwa na tiketi nyingi zaidi kisiwani kwetu, na hapo panahitajika ukweli. Kipuri cha jokofu mara nyingi hakipo Chake Chake. Hutoka Unguja au Dar es Salaam, na husafiri kwa boti. Fundi asiilazimishe tiketi kufungwa kwa kuwa yeye amekwisha fanya sehemu yake. Aandike: inasubiri kipuri fulani, kimeagizwa tarehe fulani, kwa nani, kitarajiwe lini, na tutauliza tena siku gani. Neno “inasubiri” peke yake, bila tarehe ya kuuliza tena, ni kaburi la tiketi.

Na kufunga? Kanuni ni moja, na ina ugumu wake: anayefunga ni aliyeripoti, au mpokea maombi baada ya kumuuliza aliyeripoti. Fundi hafungi kazi yake mwenyewe. Si kwamba haaminiki. Ni kwamba yeye hulijua jokofu, na muuguzi huijua huduma. Fundi huona injini inanguruma akaridhika. Muuguzi husoma kipimajoto asubuhi na jioni kwa siku mbili mfululizo, kikawa kati ya nyuzi 2 na 8, ndipo akasema sawa, fungeni.

Mgonjwa na jamaa zake nao wana sehemu katika utaratibu huu. Anayeambiwa “majibu yako bado, njoo kesho” ana haki ya kuuliza kwa upole mambo matatu: ombi langu lina namba gani, liko kwa nani, na nirudi lini? Maswali haya si ukaidi. Humsaidia hata mfanyakazi wa dirishani, ambaye mara nyingi anatafuta karatasi moja miongoni mwa mamia na hajui aanzie wapi. Wahudumu wa afya wa jamii walioingizwa katika programu ya Jamii ni Afya, inayoendeshwa Zanzibar tangu mwaka 2019, tayari wamezoea kubeba simu yenye orodha ya kaya zao na ziara zinazofuata. Wao wanaweza kuwa daraja zuri baina ya mgonjwa aliye kijijini na namba yake ya ombi. Kituo kitakachobandika ukutani idadi ya maombi yaliyofunguliwa na yaliyofungwa mwezi uliopita, bila majina, kitapunguza manung'uniko mengi ya benchini.

Kuhusu vyombo tutasema machache, kwa kuwa watu hukimbilia kuchagua programu kabla ya kuchagua mpokea maombi. Kituo kidogo chenye maombi 20 kwa mwezi kinatosheka na daftari lenye mistari: namba, tarehe na saa, tatizo, aliyeripoti, anayeshughulikia, hali, tarehe ya kuuliza tena, tarehe ya kufungwa. Hospitali ya wilaya au ya mkoa inaweza kutumia jedwali la kompyuta linaloshirikiwa, au programu huria za dawati la msaada kama GLPI na osTicket, ambazo hazina ada ya leseni ingawa zinahitaji seva na mtu wa kuzitunza. Kuna pia programu zinazoungana na mazungumzo na kufungua tiketi zenyewe pale mtu anapoweka alama fulani kwenye ujumbe, na siku hizi zipo zinazotumia akili mnemba kusoma mazungumzo yote na kupendekeza tiketi. Tuzitazame kwa tahadhari. Katika mazungumzo yetu mtu mmoja huandika friji, mwengine jokofu, wa tatu “ile mashine ya kule kliniki”, na wa nne huandika kwa Kipemba cha nyumbani. Programu iliyofunzwa kwa lugha nyingine inaweza kuikosa hitilafu kabisa, au, vibaya zaidi, ikabuni nyuzi joto ambazo hakuna aliyezisoma. Ikipendekeza, binadamu athibitishe. Na kuyapeleka mazungumzo yote ya wafanyakazi, pamoja na majina ya wagonjwa yaliyomo, katika seva ya kampuni ya nje ni uamuzi wa uongozi wa wizara, si wa kijana mmoja wa TEHAMA aliyependezwa nayo.

Daftari lisitupwe hata baada ya programu kuja. Mwezi Mei 2024 nyaya za baharini za mawasiliano zilizokatika ziliidhoofisha intaneti Tanzania kwa siku kadhaa, na Pemba ilikuwamo. Siku hizo mwenye kalamu aliendelea kufungua namba. Mtandao uliporudi, kazi iliyobaki ilikuwa kunakili tu, kwa kufuata saa zilizoandikwa daftarini wala si saa ya kunakili.

Kituo kinachotaka kuanza kianze na jambo moja, na kwa mwezi mmoja: majokofu ya chanjo peke yake, au mashine za maabara peke yake. Mpokea maombi wa zamu ateuliwe, jina lake liandikwe katika maelezo ya kundi, na wenyewe wa tiketi wajulikane mapema kwa majina na namba zao za simu, kama ofisa wa malaria anavyojulikana katika wilaya yake. Mwisho wa mwezi mkutano wa wafanyakazi usome tiketi zilizo wazi, moja baada ya moja, kuanzia ya zamani zaidi.